Pikipiki Ndefu ya Ofisi ya Mifugo

Jumatatu, 3 Machi

Pikipiki imefika. Miaka miwili nimeiombea. Barua nne nimeandika kwa mkono wangu, zote nikieleza kwamba mchanjaji asiye na chombo ni sawa na bomba lisilo na sindano. Leo imeshushwa kwenye lori mbele ya ofisi. Nyeupe, matairi ya meno, tope halijawahi kuigusa. Sote tulitoka kuitazama. Mimi nilitoka wa kwanza.

Nikasimama kando yake. Siti ikanifika kiunoni.

Niliizunguka, nikasoma namba ya injini kwa sauti, ili nionekane mtu anayejua.

Ofisi yetu ya mifugo ina watu wanne. Daktari, ambaye ndiye mkuu. Mlinzi wa lango. Mimi, ambaye wafugaji huniita Bwana Chanjo. Na mchanjaji mwenzangu, ambaye kila mtu humwita Mlingoti, na hakuna haja ya kueleza kwa nini. Mlingoti alipitisha mguu juu ya siti kama mtu anayeruka kidimbwi, akakaa, nyayo zote mbili chini, magoti yamekunjika. Akasema ni ndogo kidogo, lakini itafaa.

Daktari akatangaza. Mmoja wetu atapewa njia ya milimani pamoja na pikipiki. Mwingine atakwenda machinjioni kupiga nyama mihuri, kila siku kuanzia saa kumi alfajiri. Ataamua Ijumaa ya wiki ijayo, akishatuona tukiendesha. Mpaka hapo tutaitumia kwa zamu.

Miaka kumi na sita nimehudumia wanyama walio hai. Siwezi kuhamia kwa waliokufa.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ni fundi cherehani. Nimemwomba anipime mguu kwa ndani, kutoka juu kabisa hadi unyayoni. Akauliza suruali nyingine ya nini, wakati ninazo tano. Nikamwambia ni jambo la kiofisi. Akapima, akaandika kwenye daftari lake la wateja: sentimita sabini na mbili.

Siti nilishaipima asubuhi kwa utepe huohuo, mlinzi alipokwenda kunywa chai. Themanini na tisa.

Nikamwonyesha mke wangu namba zote mbili bila kusema ni za nini. Akazitazama kwa muda. Akasema huyu wa pili ndiye mteja wa kumshonea suruali, kitambaa kingeonekana.

Tofauti ni sentimita kumi na saba. Si nyingi. Ni kama urefu wa kalamu. Mtu mzima hawezi kushindwa na kalamu.

Mpango una sehemu tatu: viatu, siti, springi. Kila kimoja kitachangia. Mlingoti hatajua lolote. Siku ya Ijumaa atashangaa tu kuniona nimekaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimepeleka buti zangu kwa fundi viatu wa pale karibu na posta. Nimemwambia aongeze soli. Akauliza ngapi. Nikasema aweke mpaka nimwambie basi. Alitumia tairi la gari. Aliweka moja, mbili, tatu. Ya nne alikataa, akasema yeye anatengeneza viatu, hajengi nyumba.

Nimetoka pale nikiwa mrefu kuliko sanduku la barua la posta, jambo ambalo halijawahi kutokea. Njiani mama mmoja aliyekuwa akifagia alinipa shikamoo. Mwaka mzima hajawahi. Nikaitikia marahaba kwa utulivu.

Mke wangu alinitazama nilivyoingia mlangoni nimeinama. Mlango wetu si mfupi. Niliinama tu kwa tahadhari.

Ijumaa, 7 Machi

Zamu yangu ya kwanza. Nilipandia kwenye ngazi ya ofisi, mlinzi akishika usukani. Nilimweleza kwamba wataalamu wote hupandia kwenye ngazi. Vidole vya mguu wa kushoto viligusa chini. Nilihisi hivyo, ingawa kwa kweli kupitia soli tatu za tairi mtu hahisi kitu. Labda viligusa, labda havikugusa.

Tatizo halikuwa urefu. Tatizo lilikuwa gia. Gia hubadilishwa kwa ncha ya kiatu, na kiatu changu sasa kilikuwa kinene kama mkate. Hakikuingia chini ya gia. Kisha kikaingia. Kisha kikakataa kutoka.

Niliuzunguka ua wa ofisi kwa gia ya kwanza, injini ikilia kama punda aliyenyimwa maji, mguu umenaswa. Mlingoti alitoka na kikombe chake cha chai akakaa kwenye kizingiti. Mzunguko wa tatu nilipunguza mwendo ili nijinasue. Pikipiki inayopunguza mwendo huinama. Iliinama upande wa hori la maji ya mbuzi.

Hori lilikuwa limejaa.

Mlingoti alikuja akanitoa kwa mkono mmoja. Hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi. Alisema tu, "Aliye juu mngoje chini." Nikamwambia nilikuwa nakagua usafi wa hori. Akauliza umeonaje. Nikasema unaridhisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeachana na viatu. Fundi amebandua soli mbili, ya tatu imekataa kubanduka. Nimebaki na moja.

Sehemu ya pili: siti. Wikiendi hii pikipiki iko chini ya uangalizi wangu. Nimefungua skrubu mbili, nikaing'oa siti, nikaitia guniani, nikapita nayo langoni. Mlinzi akauliza nimebeba nini. Nikasema ni kondoo mgonjwa. Akauliza mbona amenyooka hivyo. Nikasema ndio ugonjwa wenyewe.

Nyumbani niliifungua ngozi ya siti. Ndani kuna sponji nyingi kuliko makalio ya binadamu yanavyohitaji. Ni ubadhirifu wa kiwandani. Nikachukua mkasi wa mke wangu, ule wa kitambaa, uliokatazwa kugusa kitu kingine chochote hapa duniani. Nikakata. Vipande vilitoka vikubwa vikubwa, kama jibini. Nilipofika mwisho nikaona bado, nikakata tena.

Mke wangu alirudi sokoni akakuta sebule nzima imejaa sponji na mkasi wake umekaa katikati. Aliketi. Alinieleza tabia zangu kwa mpangilio mzuri, kuanzia mwaka tuliooana. Nilisikiliza. Kisha akashona ngozi ya siti mwenyewe, kwa sababu alisema hawezi kuvumilia kuona mshono kama ule wangu ukitoka nyumbani kwake.

Jumapili, 9 Machi

Nimeijaribu siti. Imeshuka sentimita nne nzima. Ni mafanikio.

Chini ya sponji kuna bamba, na katikati ya bamba kuna ukingo. Mtu asiyekata sponji hawezi kuujua ukingo huo. Mimi sasa naujua. Nimekwenda nao hadi kwenye kituo cha mafuta na kurudi, barabara yenye mashimo.

Mchana nimekula nimesimama. Mke wangu hakuuliza. Aliweka sahani yangu juu ya kabati, usawa wa kifua, akaendelea kula.

Jumatatu, 10 Machi

Sehemu ya tatu. Nimekwenda kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi pikipiki. Si mtu wa maneno mengi. Alitazama pikipiki, akanitazama mimi, akatazama tena pikipiki. Akasema, "Shemeji, kwa nini usiombe nyingine?"

Nikamweleza kuhusu heshima. Akasikiliza huku akipangusa mikono.

Akakubali kuishusha. Mbele alizisogeza shokapu, zile nguzo mbili zinazobeba gurudumu. Nyuma aliilegeza springi hadi mwisho. Pikipiki ikaketi chini kama ng'ombe anayecheua. Nikapanda bila ngazi. Ncha za vidole vya miguu yote miwili ziligusa chini kwa wakati mmoja. Nilikaa hivyo pale gereji kwa dakika kumi bila kwenda popote. Shemeji aliniuliza kama kuna kitu kingine. Nikamwambia aniache kidogo.

Alinionya jambo moja. Alisema pikipiki imeshuka lakini stendi haikushuka. Stendi ni ileile, kwa hiyo sasa ni ndefu kuliko inavyotakiwa, chombo kitasimama wima badala ya kuegemea. Ameniambia nisiiegeshe mahali penye mteremko wala upepo. Nikasema sawa, sawa. Nilikuwa nawaza Ijumaa.

Jumanne, 11 Machi

Kulikuwa na upepo.

Niliiegesha asubuhi mbele ya dirisha la Daktari, ili aone kwamba niliiendesha mwenyewe kutoka gereji. Ilisimama wima, imenyooka kama askari wa gwaride. Nikaingia ndani kujaza daftari la chanjo. Saa nne nikasikia kishindo.

Ilikuwa imeanguka upande usio na stendi, juu ya uzio. Uzio ukalala. Nyuma ya uzio kuna mbuzi wetu kumi na wawili wa uangalizi, na mbuzi hahitaji kuandikiwa barua. Walitoka wote. Tuliwafukuza hadi saa saba. Wawili tuliwakuta kwenye duka la vifaa vya shule, wamekula bahasha.

Tuliporudi, Mlingoti aliinua pikipiki peke yake, mimi nikimwelekeza. Nilimwambia ainue kwa magoti. Aliinua kwa mgongo. Kitu kililia mgongoni mwake, yeye akabaki amekunjika, uso umetazama ardhi. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane macho yetu yalikuwa usawa mmoja. Nilimpa pole. Nilimaanisha, kwa kiasi kikubwa.

Daktari alitoka na kuikagua pikipiki taratibu. Akabonyeza siti. Akabonyeza tena. Akaniuliza kama ninajua sponji imekwenda wapi. Nikasema huenda ni joto. Akaagiza kila kitu kirudi kama kilivyokuwa, kabla ya kesho asubuhi.

Shemeji amezirudisha springi. Siti imebidi arudishe mke wangu. Sponji alishaigawa kwa majirani ikawa mito, kwa hiyo ameijaza mabaki ya vitambaa vya cherehani, akayashindilia kwa mpini wa mwiko, akashona mara mbili. Ni kazi nzuri mno. Nimepima. Tisini na moja.

Jumatano, 12 Machi

Mlingoti yuko kwao, analala juu ya ubao. Kwa hiyo zamu zote ni zangu. Sikuyaomba hayo, lakini sikuyakataa.

Nimebuni njia mpya. Ikiwa mguu haufiki chini, basi chini na ije juu. Nimetembea mji mzima kwa miguu nikiandika kila kitu kilichoinuka ambacho mtu anaweza kukikanyagia akisimama: ukingo wa daraja, jiwe la mbele ya duka la dawa, gogo la kinyozi, ngazi ya benki. Nimechora ramani. Vituo ishirini na vitatu. Mtu mwenye ramani hii hahitaji miguu mirefu.

Saa tisa nikaijaribu. Daraja: sawa. Gogo la kinyozi: sawa, ingawa kulikuwa na mteja amelikalia. Jiwe la mbele ya duka la dawa lilikuwa la kijivu, la mviringo, mahali palepale. Nikapunguza mwendo, nikaweka mguu.

Lilikuwa kondoo. Alikuwa amelala. Akaamka.

Nikiwa chini, pikipiki juu yangu, ilisimama pikipiki nyingine kando yangu. Ya mkunga wa zahanati. Mkunga ananifika begani, na mimi si mtu wa kufikiwa begani na wengi. Pikipiki yake ni ndefu kama yetu, ya zamani, inakohoa. Alisimama bila shida yoyote. Nilimtazama kwa chini, nikaona jinsi anavyofanya. Alikuwa ameteleza upande mmoja wa siti, nusu ya makalio iko hewani, mguu wa kushoto chini, wa kulia juu kwenye breki.

Akanisaidia kuinuka. Kisha akanieleza, bila mimi kuuliza. Mguu mmoja unatosha. Anayetaka yote miwili ifike chini ndiye anayeanguka. Unaamua mapema ni upande gani, unateleza kabla hujasimama, unatazama mbele, hutazami ardhi. Kupanda, unakanyaga kigingi cha kuwekea mguu kama unapanda farasi, stendi ikiwa chini. Alisema miaka tisa anakwenda hivyo kwa wajawazito, na hajawahi kuwaambia watoto wasubiri atafute jiwe.

Nikamshukuru. Nimeyaandika yote haya kwa ajili ya kumbukumbu tu. Ni njia inayowafaa watu wafupi.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nimelala kifudifudi.

Saa mbili na nusu asubuhi simu ya ofisi ililia. Ni mjane mmoja wa milimani, mwenye ng'ombe wengi. Ndama wake wawili wamekufa kwa ugonjwa wa chambavu, mguu umevimba na kuvuja mapovu, yote kwa mchana mmoja tu. Kumi na saba wamebaki. Sauti yake haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya mtu aliyemaliza kulia akaanza kuhesabu.

Daktari alikuwa bondeni, ameingiza mkono hadi kwapani ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Mwenye ng'ombe ndiye aliyemshikia simu sikioni. Akauliza nani yupo ofisini. Nikasema mimi. Akauliza na nani mwingine. Nikasema mimi tu. Nikasikia ng'ombe akipumua.

"Basi nenda wewe," akasema. "Chanjo isipate joto. Na tafadhali, fika."

Nikapakia chanjo kwenye kisanduku cha barafu, nikakifunga nyuma. Nikapandia kwenye ngazi. Mlinzi akanisukuma. Nikaondoka.

Niligundua mapema kwamba kuendesha si tatizo. Pikipiki ikitembea, sote tuna urefu mmoja. Tatizo ni kusimama, kwa hiyo niliamua kutosimama. Penye njia panda nilizunguka duara mara mbili hadi magari yakaisha. Penye ng'ombe wanaovuka nilirudi nyuma kwa mzunguko mkubwa, nikaja tena, wakawa wameisha. Muda wa saa moja na robo bila mguu kugusa ardhi. Milimani hewa ilikuwa baridi. Nilifikiri juu ya wale ndama na sikufikiri juu ya Mlingoti hata kidogo, nalo si jambo la kawaida.

Nilifika. Nyumba iko kwenye mteremko, zizi kubwa katikati, watu kama ishirini wamesimama. Hakuna jiwe, hakuna gogo, hakuna ngazi. Nilikumbuka maneno ya mkunga. Teleza upande mmoja, mguu mmoja. Nikatazama upande wa kushoto, nikaona watu. Upande wa kulia, watu pia. Mbele ya watu wote hao nikae upande upande kama mfuko wa chumvi. Nikaona hapana. Nikaanza kulizunguka zizi.

Maelekezo niliyatoa kwa awamu. Mzunguko wa kwanza nilisema mimi ni nani. Wa pili nilisema nimeleta chanjo. Wa tatu nikawaagiza wafunge ndama kwenye nguzo, wakubwa upande huu, wadogo upande ule. Wa nne nilitaka maji ya moto. Kila kitu kilifanyika haraka sana, walikuwa watu hodari. Wa tano mjane akauliza nitashuka lini. Wa sita nikamwambia ukweli, kwamba siwezi.

Hakucheka. Aliwaita kaka zake watatu. Akawaambia wanikamate.

Walinikamata kama wanavyokamata fahali. Mmoja alikimbia mbele akashika pembe, yaani usukani. Wa pili akaning'inia mkiani. Wa tatu alinidaka mguu akauvuta nyuma, kama anayetaka kukata kwato, nikatoka kwenye siti nikatua juu ya samadi, kisanduku cha barafu kikiwa mikononi mwangu. Sijui nilikifungua saa ngapi. Barafu ilikuwa bado haijayeyuka.

Kisha nikafanya kazi.

Ndama kumi na saba. Mmoja mmoja, shingoni, ngozi unaibana kwa vidole viwili, sindano chini yake. Mdogo wao alikuwa na siku kumi. Alinilalia pajani nikiwa nimemshika, akaacha uzito wake wote kwangu, moyo unamdunda. Mjane alikuwa amemshikilia kichwa. Akasema wanyama wake hawapendi mchanjaji mrefu, yule anayekuja mara nyingine. Kivuli chake huwafikia kabla hajafika, wakaanza kurusha mateke. "Wewe unawafaa," akasema. "Uko usawa wao."

Nilikuwa na kazi ya kumaliza. Lakini ni kweli kwamba kwa ndama mimi siinami. Sikuwahi kuliona hilo.

Tulipomaliza alinipa maziwa kwenye kikombe kikubwa, akakaa akaangalia zizi lake. Kaka zake walinibeba wakaniweka kwenye siti, wakanisukuma mteremkoni. Mjini nilisimamia ukutani mwa ofisi. Ukuta utapona.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya uamuzi. Nimevaa shati la harusi.

Daktari ametuita sote wawili. Mlingoti amekuja na fimbo, anatembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani. Daktari akasema mjane amepiga simu. Ndama wote wanasimama, wananyonya. Mjane amemsifu mchanjaji. Pia amemsimulia jinsi mchanjaji alivyokamatwa, kwa kirefu, na inaelekea mmoja wa kaka zake aliongezea mambo.

Njia ya milimani nimepewa mimi.

Mlingoti hakubishana. Amesema mwenyewe anaomba machinjioni. Mgongo hauwezi tena pikipiki, na nyama huning'inizwa juu, hatalazimika kuinama. Alinipa mkono. Alisema nimefanya kazi ya maana jana. Nilitafuta dhihaka ndani ya maneno yale, sikuipata. Nitaendelea kuitafuta.

Kisha Daktari akasema kuhusu pikipiki. Ameongea na zahanati, watabadilishana. Ndefu anakwenda nayo mkunga, kwa sababu yake imechoka na yeye anajua kuiendesha. Sisi tunapewa ile nyekundu ya chini, ya tarishi wao aliyestaafu. Mashine yake nzima, mlima inapanda. Siti sentimita sabini. Amesema haya kwa upole, kama anayempa mgonjwa dawa tamu.

Nikajikaza. Nikasema maslahi ya mifugo ni mbele.

Nilipomwambia mke wangu, aliweka sindano chini akashukuru. Akasema sasa atalala. Sikujua kwamba alikuwa halali.

Jumatano, 19 Machi

Siku tatu nimeendesha nyekundu. Ni lazima niseme haki: napanda kama mtu anayekaa kwenye kochi. Penye njia panda naweka nyayo zote mbili chini, zimelala kabisa, magoti yamekunjika, naangalia huku na huku kama mwenye mali. Milimani nimefika mara mbili na kusimama mara mbili. Watu wa kwa mjane walikuwa wamejipanga tayari kunikamata. Nikawaona wamevunjika moyo. Yule ndama wa siku kumi amenenepa, alikuja mwenyewe akanilamba mkono.

Jumatatu ilikuwa siku njema. Jumanne pia.

Leo asubuhi nilisimama mbele ya duka la dawa. Mkunga akaja, akasimama kando yangu na ile nyeupe, nusu kwenye siti, nusu hewani, mguu mmoja chini. Akanisalimu vizuri, akauliza hali ya nyumbani. Lakini alinisalimu kwa kutazama chini. Ilibidi nimjibu nikiwa nimeinua kidevu, kama kifaranga anayelishwa. Watu walikuwepo. Kinyozi alikuwepo.

Saa sita nimekwenda kwa shemeji. Nimemwomba ainyanyue nyekundu. Springi ngumu za nyuma, sponji juu ya sponji, chochote anachojua. Aliweka spana chini. Akaniuliza inyanyuliwe mpaka wapi. Nikamwambia mpaka nimpite mkunga, vidole viwili tu, sina makuu.

Aliitazama miguu yangu. Akauliza, na miguu je?

Nimemwambia miguu itazoea.